Chai ya Shayiri kwenye Theluji

Mabaki ya maji ya ubatizo hayamwagwi kwenye sinki. Hurudishwa ardhini, mahali pasipokanyagwa na watu. Pyo Geum-ran aliijua kanuni hiyo kama alivyojua jina lake. Kwa hiyo asubuhi ile, gari la wagonjwa lilipokwisha kushuka kilima na Mzee Tak ndani yake, alitoka uani na kikombe cha chuma mkononi, akavaa ndala za mwenye nyumba, akaenda hadi chini ya ukuta, ambako theluji ya usiku ilikuwa haijaguswa hata na paka. Akainama, akamimina.

Theluji ikawa na rangi ya kutu.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba kikombe kimeliwa na kutu. Lakini chuma cha aina ile hakishiki kutu. Akashusha barakoa aliyoivaa wiki nzima kwa sababu ya mafua, akanusa, asipate harufu yoyote. Akachovya kidole kwenye tone lililobaki, akalamba. Shayiri.

Alirudi ndani. Birika la manjano lilikuwa palepale karibu na godoro la mgonjwa, na pazia lilikuwa bado limefungwa kama lilivyofungwa tangu jana. Katika nyumba ile, kama katika kila nyumba ya mtaa ule, watu hawanywi maji matupu. Huyachemsha na shayiri iliyokaangwa, wakayaacha yapoe, na hayo ndiyo huitwa maji. Ukiomba maji utapewa hayo. Geum-ran mwenyewe alikuwa na birika kama lile jikoni kwake. Nusu saa iliyopita, katika giza la chumba kile, alikuwa ameomba maji, mke wa mgonjwa akamimina kutoka kwenye birika, na yeye akapokea bila kutazama.

Alikuwa na umri wa miaka sitini na moja. Miaka ishirini na sita kati ya hiyo aliitumia katika maabara ya maji ya wilaya, akipima maji ya bomba ya watu elfu arobaini, na katika muda huo wote hakutia sahihi yake hata mara moja kwenye sampuli ambayo hakuiona kwa macho yake. Alipostaafu alijiunga na chama cha parokia cha kuombea marehemu. Huko alipewa kazi ambayo wengine waliiogopa: kuitwa penye kitanda cha mtu anayekufa, mbali na padre, na kumbatiza kama mwenyewe anataka. Alikuwa ameifanya mara kumi na moja. Kila mara alihakikisha mambo matatu: mtu ametaka, maneno yametamkwa yote, na maji yametiririka juu ya ngozi, si juu ya nywele.

Mara ya kumi na mbili alikuwa amembatiza Tak Bong-su kwa chai.

Mzee Tak alikuwa dalali wa ng'ombe, na alikuwa ameukataa ubatizo kwa miaka arobaini. Mkewe, Ok Sun-deok, ambaye kanisani aliitwa Monika, alikwenda misa kila Jumapili. Mumewe alimpeleka hadi getini, akabaki ndani ya lori akisikiliza redio. Wanachama wa parokia walipomsumbua aliwaambia kwamba ameuza ng'ombe miaka hamsini, na ana hakika malaika wa mlangoni atakuwa mteja mmoja aliyedanganywa umri wa ndama. Geum-ran aliitwa naye Mpima Maji, hata mbele ya wageni. Lakini usiku wa juzi, moyo ukiwa umeanza kushindwa kabisa, alimwambia mkewe kitu kingine. "Siku ikifika, mwite Mpima Maji," alisema. "Lakini siku ikifika, si kabla. Sitaki kukaa Jumapili hata moja kwenye yale mabenchi yenu."

Siku ilikuwa imefika asubuhi ile saa tatu kasorobo. Monika alipiga simu ya gari la wagonjwa kwanza, kisha akampigia Geum-ran, ambaye nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka pale. Geum-ran alimkuta mzee midomo imekuwa ya bluu. Alimuuliza kama anataka. Kidevu kilishuka. Huenda kilishushwa na pumzi, lakini maneno ya juzi yalikuwepo, na maneno ya juzi yalitosha. Alimpa jina Yosefu, akamimina, akatamka. Kisha wakaingia watu wa gari la wagonjwa na mitungi yao, wakamchukua, na Monika akapanda naye.

Sasa Geum-ran alisimama katikati ya chumba kitupu.

Aliketi sakafuni. Alijilazimisha kufikiri kwa mpangilio, kama alivyofanya kazini sampuli ilipotoa tarakimu ya kutisha. Je, chai ni maji? Si maji safi. Mafundisho aliyopewa yalisema kwamba mchuzi si maji, maziwa si maji, na kwamba vinywaji vyepesi vilivyochemshwa na kitu ni jambo la shaka. Shaka. Neno hilo alilijua vizuri. Kazini, sampuli yenye shaka ilirudiwa.

Na ili kurudia, mtu lazima awe hai.

Alifungua bomba la jikoni, akaacha maji yachuruzike mpaka yakawa baridi ya kuuma, akajaza chupa ndogo ya sampuli aliyokuwa nayo mkobani, ile ya mililita mia yenye kifuniko cha bluu. Aliiinua dirishani. Iliangaza kama kioo. Akaionja pia. Kisha akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, akafunga nyumba ya watu na kushuka kituoni.

Basi la kwenda mjini lilikuwa limechelewa kwa sababu ya theluji. Akiwa kituoni alimpigia simu paroko, kijana wa miaka thelathini na tatu aliyemheshimu kwa kuwa hakuwa na maneno mengi. Alimweleza. Padre akauliza kama chai ilikuwa nzito au nyepesi.

"Nyepesi," Geum-ran alisema. "Lakini kwenye theluji ilionekana."

Padre alisema basi ubatizo urudiwe, kwa masharti. Yeye mwenyewe alikuwa ng'ambo ya mlima kwenye maziko, na barabara ilikuwa imefungwa. Hangeweza kufika hospitalini kabla ya jioni. Geum-ran akauliza itakuwaje mzee asipofika jioni. Padre akajibu kwa upole kwamba mzee alikuwa ametaka, na kutaka kwake kulikuwa kumesikika, na kwamba Mungu hafungwi na chupa tunayoibeba.

Geum-ran alishukuru, akakata simu. Maneno hayo alishaambiwa na mapadre wanne wengine, kwa nyakati tofauti, kuhusu mtu mwingine. Wote waliyasema kwa upole. Upole si kipimo.

Mtu mwingine huyo alikuwa mama yake. Miaka thelathini na minne iliyopita Geum-ran alikuwa Mkristo wa mwaka mmoja, peke yake katika ukoo mzima, na mama yake alikuwa anakufa katika hospitali ya mji wa pwani. Alikwenda bombani, akajaza bilauri, akarudi. Kaka zake watatu walikuwa wamesimama mlangoni. Mkubwa wao akaiangalia ile bilauri, akamuuliza ni ya nini. Geum-ran akasema ni ya kunywa. Kaka yake aliendelea kumtazama tu, na Geum-ran akainywa yote. Mama alikata roho kabla ya saa moja kupita.

Hakuwahi kumsimulia mtu yeyote sehemu ya kunywa, isipokuwa hao mapadre wanne.

Basi lilipokuja alikaa nyuma ya dereva, mkono juu ya koti, mahali chupa ilipokuwa. Barabara ilipanda kati ya mazizi na mashamba meupe, na dereva aliendesha kwa mwendo wa punda. Geum-ran alitazama saa kila baada ya muda mfupi, akajikemea, akatazama tena. Watu wakizungumza juu ya hukumu huzungumza juu ya moto. Yeye hakuogopa moto. Hakuweza hata kuufikiria. Alichokiona, kwa miaka thelathini na minne, kilikuwa mama yake amesimama mbele ya dirisha la ofisi lililofungwa, hana karatasi, amevaa sweta lake la kijivu, anasubiri kwa adabu, hataki kumsumbua mtu. Hakuna anayemfukuza, hakuna anayemwita. Mama yake alikuwa mtu wa namna hiyo; angeweza kusubiri milele. Na sasa nyuma yake, kwenye foleni ileile, angesimama dalali wa ng'ombe aliyekuwa ameomba kwa kinywa chake, ambaye karatasi yake ingeonekana ina doa la chai.

Alisali. Sala haikufika kokote. Aliisema tu, neno baada ya neno, kama mtu anayejaribu swichi katika nyumba iliyokatika umeme.

Alifika hospitalini saa sita kasoro dakika kumi na tatu.

Wagonjwa mahututi walikuwa ghorofa ya tatu, nyuma ya milango miwili ya chuma, na tangazo la ukutani lilisema kila kitu: kuonana na mgonjwa ni mara moja kwa siku, saa sita kamili hadi saa sita na dakika ishirini, mtu mmoja kwa mgonjwa mmoja. Kwenye viti vya plastiki alikaa Monika, miaka sabini na minane, koti juu ya nguo za kulalia, mguu mmoja kiatu chake na mwingine kiatu cha mumewe. Kando yake alisimama mwanaye, Tak Jin-gyu, mwenye karakana ya matairi papo hapo mjini, bado na ovaroli yenye grisi. Geum-ran alimjua tangu akiwa mvulana wa shule.

Jin-gyu alimsalimu kwa kuinama inavyopasa, lakini uso wake haukufurahi. Alieleza kwamba daktari ametoka sasa hivi: moyo umechoka, jioni iko mbali. Atakayeingia ni yeye, Jin-gyu, kwa sababu kuna mambo ya kuzungumza na daktari na mama hasikii sikio la kushoto.

Geum-ran alikuwa amejipangia sentensi zake njiani. Zote zilipotea. Alipiga magoti mbele ya kiti cha Monika ili awe upande wa sikio linalosikia.

"Dada Monika, nimekosea," alisema. "Yale maji ya asubuhi yalikuwa chai. Yalitoka kwenye birika."

Monika alimtazama kama mtu anayetafuta miwani.

"Chai ya shayiri," Geum-ran alirudia. "Sikutazama. Ubatizo ule una shaka. Inabidi urudiwe, na urudiwe sasa."

Jin-gyu ndiye aliyecheka, kicheko kifupi cha puani. "Shangazi, miaka yote umepima maji ya wilaya nzima," alisema. "Tumekunywa kwa kukuamini wewe."

Ilikuwa kweli.

"Na sasa unataka uingie wewe," Jin-gyu aliendelea, sauti ikipanda. "Baba ana dakika ishirini, pengine za mwisho, na mtu wa kuingia ni mmoja, na unataka uwe wewe na chupa yako. Mama aage kupitia ukutani, sivyo? Mimi niage kwa simu?"

Geum-ran alikuwa hajasema hivyo, lakini ndivyo alivyokuwa amewaza, tangu kituoni hadi hapo. Alikuwa ameshajiona akiingia. Alikuwa ameyaona hata maji yakipita juu ya paji la uso. Ilimchukua muda kuliona jambo jingine, ingawa lilikuwa la kwanza kabisa katika mafundisho, na yeye mwenyewe aliwafundisha wengine kila Kwaresima: penye kifo, yeyote anaweza kubatiza. Mwanamume, mwanamke, hata asiyeamini, mradi amwage maji ya kweli, aseme maneno, na akusudie kile Kanisa linachokusudia. Yeyote. Hata mwanamke wa miaka sabini na minane asiyesikia sikio moja, mikono ikimtetemeka.

Na yeye, Geum-ran, asingeona kitu.

"Sitaki kuingia," alisema. "Aingie mama yako. Atambatiza yeye."

Monika alianza kutikisa kichwa. Alisema hajui, yeye si mtu wa kusoma, ataharibu, ataangusha. Alisema asubuhi alishindwa hata kuvaa viatu. Jin-gyu aliwatazama wote wawili, kisha akatazama saa ya ukutani, dakika nane, kisha miguu ya mama yake. Alivuta pumzi.

"Mama, ingia wewe," alisema hatimaye. "Daktari nitamsubiri hapa. Baba angeniuliza mimi nimekuja kufanya nini humo ndani, nimemfungia nani karakana."

Wakabaki na dakika nane. Geum-ran alitoa chupa, akamwonyesha jinsi kifuniko kinavyofunguka. Vidole vya Monika viliteleza mara mbili. Geum-ran akakilegeza kifuniko kidogo yeye mwenyewe, akahesabu kwamba hakitavuja kama chupa itasimama wima. Kisha maneno. Kwa sheria yalipaswa kuanza na sharti: kama hujabatizwa. Alimsikiliza Monika akijaribu kuanza na sharti, akakwama, akarudi, akachanganya. Akaliondoa sharti kwenye maneno. Alimwambia aliweke moyoni tu, na mdomoni aseme mafupi: Yosefu, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Maji yakiwa yanatiririka. Si kabla, si baada. Juu ya paji la uso, si kwenye nywele.

Monika alirudia. Mara ya kwanza alimsahau Mwana. Mara ya pili alisema yote. Mara ya tatu, badala ya Yosefu, alisema Baba Jin-gyu, kama alivyomwita mumewe miaka hamsini na mitatu.

"Jina si kitu," Geum-ran alisema. "Mwite utakavyo. Hayo mengine ndiyo yasipungue."

"Nisipokumbuka?"

"Utakumbuka."

"Wewe huwezi kujua, Skola," Monika alisema, akimwita kwa kifupi cha jina lake la ubatizo. Hakuwa analaumu. Alisema tu, kama mtu anayesema mvua itanyesha.

Mlango ukafunguka. Muuguzi mwenye orodha akaita majina ya wagonjwa, akawapa wageni makoti ya karatasi, akakumbusha kwamba chakula na vinywaji haviingii. Geum-ran alifungua mdomo. Alikuwa hajawahi kumficha mtu wa kazi jambo la kazi yake. Lakini Monika alikuwa ameshaitumbukiza chupa kifuani, ndani ya nguo za kulalia, kwa wepesi ambao hakuna aliyemdhania. Akaingia, kiatu kimoja kikimburuta. Mlango ukafungwa.

Dakika ishirini.

Geum-ran alisimama akiutazama ule mlango. Kwa akili yake aliona yote yanayoweza kuharibika, na aliyaona moja moja, kwa usahihi, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake maisha yote. Kifuniko kimekwama. Chupa imemwagikia kifuani mwa Monika kabla ya kufika kitandani. Barakoa ya oksijeni imefunika uso hadi kwenye nyusi. Muuguzi amemshika mkono. Maji yamekuja, maneno hayakuja. Maneno yamekuja, Mwana hayumo. Au Monika amefika, amemwona mumewe na mirija ile, na amesahau kabisa kilichompeleka, amelia tu. Au mzee ameshakufa. Kila mojawapo lilikuwa na uzito wake, na hakukuwa na kipimo chochote ambacho angeweza kukichukua kutoka upande huu wa mlango. Alitaka kusali akaona kwamba anachokifanya si kusali, anakagua.

Jin-gyu alikuja kusimama karibu naye. Alikuwa ameshika kiatu cha pili cha mama yake, alichokwenda kukitoa garini. Hakuna aliyejua kiliingiaje humo.

"Shangazi," alisema bila kumtazama, "kama hayo maji yasipomfikia. Mnasemaje nyinyi? Anakwenda wapi?"

Swali lilikuwa lilelile. Geum-ran alikuwa na majibu manne ya mapadre wanne, na la tano la asubuhi ile. Aliyapitia yote.

"Sijui," alisema. "Naogopa."

Jin-gyu akaitikia kwa kichwa, kana kwamba hilo alilitarajia kidogo kuliko yote na lilimfaa zaidi.

Saa sita na dakika kumi na saba mlango ulifunguliwa kwa nguvu. Alitoka muuguzi, si yule wa orodha, mwingine, kijana, amekasirika, foronya mkononi. Aliuliza nani ni mtu wa Tak Bong-su. Aliuliza nani amempa yule bibi maji. Mto umelowa chepechepe, shuka imelowa, kuna nyaya pale, je, hawajui kusoma tangazo? Foronya ilikuwa ikidondosha matone sakafuni, na Geum-ran aliyatazama matone hayo. Hayakuwa na rangi.

"Mama amemwosha uso," Jin-gyu alisema, akainama sana, hadi kiunoni. "Ni desturi ya kwetu. Kosa ni langu, sikumzuia."

Muuguzi alimwangalia, akaangalia grisi kwenye ovaroli yake, akalegea. Alisema hata hivyo isirudiwe.

Kisha akatoka Monika. Alitembea polepole akiwa ameshika chupa tupu, kifuniko hakipo. Jin-gyu alimkalisha, akapiga magoti, akamvisha kiatu chake. Monika alimwacha afanye. Uso wake ulikuwa mtulivu na umechoka, kama wa mtu aliyeshuka kutoka safari ndefu.

"Alifungua macho," alisema. "Nikamwambia, tangulia, ukanishikie nafasi, lakini usikae karibu na mlango, kuna baridi."

Geum-ran alichuchumaa upande wa sikio linalosikia. "Na maneno, Dada?"

"Niliyasema."

"Yote?"

Monika aligeuza chupa mkononi. "Nilisema niliyokuwa nayo," alijibu.

Geum-ran alikuwa na swali la pili tayari: ulimtaja Mwana? Na la tatu: maji yalikuwa yanatiririka bado, au yalikuwa yamekwisha? Maswali mawili mafupi. Mtu wa maabara angeyauliza bila kufikiri, maana bila majibu yake karatasi haijazwi. Yalikuwa mdomoni. Aliutazama uso wa Monika, akaona tayari pale, pembeni mwa macho, kitu kinaanza kusogea: mwanamke mzee akianza kujikagua, kujiuliza kama alisema au hakusema. Geum-ran alikijua kitu hicho. Alikuwa amelala nacho miaka thelathini na minne. Akiuliza sasa, na jibu likiwa baya, hakuna mlango utakaofunguliwa kabla ya kesho saa sita, na daktari alishasema kuhusu jioni. Monika angekwenda nacho nyumbani. Angekiweka kando ya lile birika.

"Imetosha, Dada," alisema.

"Unajua hivyo?"

"Mto umelowa," Geum-ran alisema. "Maji yalimpata. Imetosha."

Ilikuwa mara ya kwanza kutia sahihi kitu ambacho hakukiona. Lakini hakuyarudisha maneno.

Mzee Tak Bong-su alifariki siku hiyohiyo, saa kumi na dakika tano alasiri. Padre alifika saa mbili baadaye, viatu vikiwa na theluji, akasikiliza, hakuuliza maswali mengi.

Siku ya pili ya msiba, katika ukumbi wa maziko uliokuwa chini ya hospitali ileile, chini ya picha ya mzee iliyozungushiwa maua meupe, waliandika Yosefu Tak Bong-su. Wafanyabiashara wa ng'ombe walikuja kwa makundi, wakala supu ya nyama, wakasimuliana jinsi marehemu alivyowapunja. Mmoja alidai aliuziwa na Yosefu huyo fahali mwenye jicho la kioo. Monika alicheka akajifuta machozi kwa kiganja. Kisha akawamiminia chai kutoka kwenye birika, na alipofika kwa Geum-ran akasita, akamtazama, wote wawili wakatazama ndani ya kikombe.

"Hii ya kunywa," Monika alisema.

Geum-ran akainywa yote.

Mchana wa siku hiyo padre alimpa fomu ya ubatizo wa dharura. Aliijaza kwa herufi zake ndogo zilizonyooka. Jina la aliyebatizwa. Tarehe. Mahali. Mbatizaji: Ok Sun-deok Monika, mke. Maji: ya bomba. Penye shahidi alisimama muda mrefu. Hakuandika jina lake, maana hakuona, akachora mstari. Lakini chini kabisa, penye nafasi ya maelezo, aliandika: Foronya ililowa. Alisoma tena, akaona ni kweli, akatia sahihi.

Kisha chama kikaketi mbele ya picha, wanawake saba na wanaume wawili, wakaanza kuziimba sala za marehemu kwa ile sauti ndefu inayopanda na kushuka kama watu wanaosukuma mkokoteni. Penye majina ya marehemu wengine, kiongozi alisimama kama kawaida na kuuliza kama kuna mtu wa kuongeza. Kwa miaka sita tangu ajiunge, Geum-ran hakuwahi kufungua mdomo mahali hapo. Aliona kwamba jina lisilo na karatasi halina pa kuwekwa.

Safari hii aliinua mkono.

"Bae Mal-lye," alisema.

Kiongozi, kalamu mkononi, akauliza jina la ubatizo.

"Hana."

Alingoja mtu ageuke, aulize lolote. Hakuna aliyegeuka. Kiongozi aliandika majina yale mawili, Bae na Mal-lye, akaacha nafasi tupu mbele yake, akashusha kalamu, na sauti zikaendelea. Geum-ran alichelewa kuingia. Aliposhika wimbo, kiongozi alikuwa ameshayafikia majina ya leo, na la mama yake lilikuwa la mwisho, baada ya la dalali wa ng'ombe.